Naomba ushauri: saa ya skrini ya kufungia imegoma kwenda mtindo wa saa 24

Habari zenu wakuu. Kompyuta yangu ya nyumbani ina Windows 10, na nataka saa isomeke 18:30 badala ya 6:30 PM. Nimeingia kwenye mipangilio ya saa na lugha, nikabadilisha muundo kutoka h:mm tt kwenda HH:mm. Hapo kuna mtego, h ndogo inakupa saa 12, H kubwa ndiyo ya saa 24. Saa ya kona ya chini ikabadilika papo hapo.

Kasheshe iko kwenye skrini ya kufungia. Pale kabla ya kuweka nywila bado inaniandikia 6:30. Nimezima na kuwasha, wapi! Nahisi inafuata mipangilio ya mfumo mzima, si ya akaunti yangu, ila sijui pa kuigusa. Kubadilisha nchi kwenye mipangilio ya kompyuta sitaki, maana tarehe na alama za desimali nazo zinaweza kugeuka, nisije nikatibua mahesabu yangu ya Excel.

Kuna namna ya kuihamishia mipangilio yangu huko bila kupakua programu nyingine? Na je, wenzangu wenye akaunti kwenye mashine hiihii wataguswa?