Hisabati ni kweli, au ni "ukikubali hili, basi na lile"?

Wadau, kuna kauli inayonikera: "Sayansi hubadilika, lakini hisabati ikishathibitishwa, imekwisha." Nusu yake naikubali. Hiyo nusu nyingine ndiyo nimeileta hapa tubishane.

Sote tulifundishwa kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Haya, chukua mpira na kalamu. Anza juu kabisa, shuka na mstari mnyoofu hadi kiunoni mwa mpira. Hapo kata kona, fuata kiuno robo ya mzunguko, kata tena upande hadi ulikoanzia. Pima. Kila kona ni nyuzi 90, jumla 270! Euclid, Mgiriki wa kale aliyeandika jiometri tunayofundishwa shuleni, hakukosea hesabu. Alianza na sharti kuhusu mistari sambamba, na kwenye mpira sharti hilo halishiki. Watu walihangaika zaidi ya miaka 2,000 wakijaribu kulithibitisha, mpaka Lobachevsky (1829) na Bolyai (1832), kila mmoja kivyake, wakajenga jiometri nyingine inayolikana. Nayo ikasimama.

Kwa hiyo uthibitisho hauzalishi ukweli. Unausafirisha tu kutoka kwenye aksiomu, yaani yale masharti tunayoanza nayo bila kuyathibitisha. Na aksiomu je, nani kazithibitisha? Frege, mwanahisabati Mjerumani, alijenga hesabu nzima juu ya zake. Mwaka 1902, kitabu chake kikiwa mitamboni, akapata barua ya mwanafalsafa Mwingereza, Russell, inayoonyesha kwamba mojawapo inajipinga yenyewe. (Namwonea huruma hadi leo.) Mwanamantiki Gödel naye mwaka 1931 akaonyesha kwamba nadharia yenye uwezo wa kubeba hesabu za namba, ikiwa haijipingi, haiwezi kujithibitishia yenyewe kwamba haijipingi.

Msinijibu kwamba madaraja yanasimama. Kufaa kazini ni jambo jingine. Fizikia ya Newton nayo inafaa, na bado si sahihi kamili.

Lakini nami sitaki kusema yote ni makubaliano. Kwamba namba tasa hazina mwisho, hilo naliona kweli hata kama asingekuwepo mtu wa kulikubali. Ninapokwama ni kwa Cantor, mwanzilishi wa nadharia ya seti (mikusanyiko ya vitu), aliyeonyesha kwamba mikusanyiko isiyo na mwisho haina ukubwa mmoja: je, kuna ukubwa usio na mwisho ulio kati ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa nukta za mstari? Kazi za Gödel (1940) na Cohen (1963) zimeonyesha kwamba aksiomu za kawaida za seti haziwezi kukanusha wala kuthibitisha kwamba haupo. Wewe unayesema hisabati ni kweli tupu: swali hilo lina jibu au halina?