Ramani ya vioski vya maji Kisumu: tubaki na Leaflet au tuhamie MapLibre?

Nyar_Dunga
Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Kikundi chetu kina ramani ya mtandaoni ya vioski vya maji. Ni programu huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inafanya kazi, ila sura yake imechakaa: vitufe ni vidogo, menyu ya kushoto ikifunguka inameza ramani yote, na rangi hazieleweki. Kuna vijana wa chuo watakaotusaidia likizo hii, kwa hivyo tunataka kukata shauri kabla hawajafika. Baadhi yetu wanasema tubaki na Leaflet, zana ya JavaScript inayoonyesha ramani yetu sasa, tubadilishe sura tu. Wengine wanataka tuhamie MapLibre, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, na kuanza upya. Nyinyi mngefanyaje?

Fundi_Kaptembwo
Bakini na Leaflet. Ipo tangu 2011, ni nyepesi, takriban kilobaiti 42 ikibanwa, na yeyote aliyesoma JavaScript kidogo anaielewa. Hapa Nakuru kazi zangu zote za ramani nimezifanya nayo na haijawahi kuniangusha.

Kijana_Lurambi
Fundi, dada hajasema hata nani anaitumia, wewe tayari umetoa dawa. Nyar_Dunga, tuambie: watumiaji ni nani, wana simu gani, pini ni ngapi, vigae vya ramani (vile vipande vya mraba vinavyounganishwa kuwa ramani) mnavitoa wapi, na vijana wakirudi chuoni nani atabaki na msimbo? Bila hayo tunabahatisha.

Nyar_Dunga
Sawa. Wengi ni wakazi wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta wanaotafuta maji siku ambazo mifereji imekauka, pamoja na vijana wa mikokoteni wanaosambaza mitungi. Wenye vioski nao huingia kubadilisha hali: maji yapo au hayapo, na mtungi wa lita 20 ni bei gani. Simu ni Android za bei ya chini, bando ni za kununua kidogo kidogo. Pini hazifiki elfu moja. Vigae tunavivuta moja kwa moja kutoka seva za OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia. Msimbo nitabaki nao mimi na mwenzangu mmoja.

Kijana_Lurambi
Basi tuanze na vigae. Seva zile zinaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea, na masharti yake yanakataza kupakua vigae kwa wingi ili vitumike bila intaneti. Kama mna mpango wa kuhifadhi ramani kwenye simu ili mtu asile bando, njia hiyo imefungwa. Kwa MapLibre na vigae vya vekta, yaani vyenye data ya mistari na majina badala ya picha, eneo lote la Kisumu mnalifunga kwenye faili moja la PMTiles na kuliweka kwenye seva yenu wenyewe. Isitoshe, kwenye vigae vya picha maandishi yamechorwa humohumo ndani ya picha, jina la mtaa likiwa dogo huna la kufanya. Kwenye vekta simu yenyewe ndiyo inayochora. Mnakuza herufi, mnaondoa hoteli na maduka yasiyohitajika, mnabakisha njia na alama ambazo watu wanazijua, kama Kibuye na Kondele. Kwa jua la Kisumu la saa saba mchana, hilo si pambo.

Fundi_Kaptembwo
Na simu ikishindwa na WebGL, teknolojia ya kuchora ndani ya kivinjari ambayo MapLibre inaitegemea? Mtu wa mkokoteni anapata ukurasa mweupe. Leaflet inaonyesha picha tu, hata simu kuukuu inaweza.

Mto_Nzoia
Ndugu zangu, nisikilizeni, hili nimeliona kwa macho. Huku Budalang'i, kando ya Mto Nzoia, kulikuwa na shirika, sitalitaja, lenye ramani ya mafuriko. Sisi wa kujitolea tuliripoti maji yamefika wapi, barabara ipi imekatika, shule ipi inapokea watu. Ramani haikuwa na sura ya kupendeza, lakini chini kulia palikuwa na kitufe kikubwa chekundu: RIPOTI. Hata mzee wa kijiji asiyependa mambo ya simu alikijua. Wakaja wasanifu wakaibadilisha yote kwa mkupuo mmoja. Ilipendeza kweli, ramani inazunguka, majengo yameinuka. Ila kitufe chetu walikiingiza ndani ya vile vistari vitatu vya juu, halafu "Shughuli", halafu "Ongeza tukio", halafu fomu ndefu inayodai uingie kwa barua pepe. Hakuna aliyetuuliza. Nzoia ilipovunja kingo, watu walifungua ramani, wakatafuta kitufe chao, hawakukiona, wakaenda kuandika kwenye makundi ya WhatsApp. Kwenye ramani Budalang'i ikaonekana kavu! Ofisini wakaamini huku kuko shwari wakati watu wamekwea tuta na ng'ombe zao. Baadaye kitufe kilirudishwa, lakini watu walishahama. Kwa hivyo mimi sikuulizi Leaflet au MapLibre. Nakuuliza, mwenye kioski akitaka kusema "maji yameisha", anagusa mara ngapi?

Nyar_Dunga
Pole sana, Mto_Nzoia. Kwetu anagusa pini, dirisha linafunguka, anagusa "hariri", anashuka fomu nzima akipita sehemu ya picha, ndipo anafika kwenye hali ya maji. Akiandika bei, kibodi inafunika kitufe cha kuhifadhi. Wengine hudhani wamehifadhi na kumbe bado.

Kijana_Lurambi
Hapo ndipo pa kuanzia. Ondoeni menyu ya kushoto, wekeni paneli inayopanda kutoka chini, kidole gumba kinapofika. Vitufe viwili vikubwa, "Maji yapo" na "Hakuna maji", bila fomu. Hilo linawezekana hata kwa Leaflet, nakubali.

Mwalimu_Vihiga
Na tafadhali msitegemee kijani na nyekundu peke yake. Baadhi ya watu, hasa wanaume, hawazitofautishi vizuri. Tumieni umbo pia: tone lililojaa na tone tupu lenye mstari.

Mpima_Ardhi
Mbona hakuna aliyeitaja OpenLayers, zana nyingine ya ramani za mtandaoni? Ipo tangu 2006 na inajua mifumo mingi ya majira, yaani namba za kuonyesha mahali. Ramani nyingi za zamani za nchi hii zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa majira tofauti na ule wa GPS, na kwenye gridi ya ramani Kisumu iko kanda ya 36 ilhali Nakuru iko ya 37. Ukiweka ramani ya zamani ya mabomba bila kuigeuza, bomba litahama karibu mita 300.

Fundi_Kaptembwo
Mzee, nani amezungumzia mabomba? Vioski vimepimwa kwa GPS ya simu.

Mpima_Ardhi
Vioski vinapata maji wapi, kijana? Bomba kuu likifungwa, vioski vyote vilivyo juu yake vinakauka kwa pamoja. Mtu akiona hivyo kwenye ramani hapotezi muda kwenda kioski cha pili na cha tatu.

Kijana_Lurambi
Geuza mara moja kwenye QGIS, programu huria ya ramani ya kompyuta, utoe faili la GeoJSON ambalo ramani ya mtandaoni inalisoma. Hakuna haja ya kubeba OpenLayers nzima kwa ajili hiyo.

Mpima_Ardhi
Ukichagua vigezo sahihi vya kugeuza, sawa. Wengi hubofya cha kwanza wanachokiona.

Nyar_Dunga
Mzee Mpima, hilo la mabomba limenigusa kuliko yote. Hizo ramani za zamani zinaombwa kwa nani, na tukizipata tunaruhusiwa kuziweka wazi kwa umma?

Mpima_Ardhi
Anzeni na kampuni ya maji, kwa barua rasmi ya kikundi. Kuziweka wazi ni jambo jingine, ombeni ruhusa hiyo ndani ya barua hiyohiyo.

Fundi_Kaptembwo
Na paneli ya chini jaribuni kwenye Leaflet kwanza.

Kijana_Lurambi
Au kwenye MapLibre, mkiwa na simu ya mwenye kioski mkononi.