Fundi kafukia waya zenye moto ndani ya plasta, halafu mwenye nyumba anataka kunikata dipoziti

Wakuu, salaam. Wa Kireka, Bweyogerere na Namugongo, hapa pembeni mwa Kampala, hasa mnisikilize, maana huku nyumba nyingi za kupanga zimepita mikononi mwa mafundi wa aina hii hii.

Nyumba niliyopanga ilikuwa na waya za zamani. Mwenye nyumba akahamisha soketi akazishusha karibu na sakafu, swichi ya chumbani ikapelekwa upande wa pili wa mlango. Sawa, nyumba ni yake. Yakabaki maboksi saba ya chuma yamekaa wazi ukutani. Akamwita fundi rangi: ziba matundu, piga rangi, mpangaji anaingia. Fundi RANGI, jamani. Wa umeme alishalipwa akaondoka zake, na hakuna aliyemuuliza kama waya za kwenye yale maboksi alizikata kutoka kwenye bodi ya breka au alizing'oa soketi tu.

Siku naingia ukuta ulikuwa unang'aa, krimu safi, huoni kitu. Mvua za Aprili zilipoanza ndipo maajabu yakatokea. Ufa mwembamba kama unywele ukajichora ukutani, mraba kamili, saizi ya boksi lenyewe. Ukafuata mwingine sebuleni. Kisha madoa ya kahawia yakaanza kutoka kwenye kona za ile miraba. Nikampigia fundi. "Bosi, ongeza mkono mmoja wa rangi, itajificha."

Haijifichi! Yule bwana aliacha boksi la chuma ndani, akalijaza puti ya ukutani kwa mpigo mmoja mpaka ikawa sawa na ukuta. Puti ni ya kusawazisha, unaipaka nyembamba. Ukiisindika kwenye shimo la sentimita tatu na nusu, juu inakauka, ndani bado mbichi, ikija kukauka inanywea na kuachia pembeni, kwa sababu kuta za boksi ni laini na haina pa kushika. Na chuma kikikaa kwenye unyevu kinashika kutu, kuanzia pale palipokwaruzwa na kukatwa. Doa la kutu na rangi ya maji ni maadui wa siku nyingi, unaweza kupiga mikono mitatu na bado likapenya.

Lakini kutu ni urembo tu. Kilichonitoa machozi ya hasira ni kingine.

Kuna boksi moja nyuma ya kochi ambapo ukuta ulikuwa na unyevunyevu. Nikagusisha testa, taa yake ikawaka. Kwenye UKUTA. Nikazima meinswichi, nikachukua tindo, nikafungua. Safu ya puti kama kidole, chini yake karatasi ya mfuko wa simenti iliyokunjwakunjwa ili kujaza nafasi (hapo alikuwa anabana puti, kumbe), na chini ya karatasi waya tatu. Laivu, ile inayoleta umeme, imekatwa, shaba iko nje, imefungwa kwa kipande cha kavera, mfuko wa plastiki. Kavera! Hata tepu ya umeme hakuona haja. Nikamwita jirani anayeelewa mambo ya umeme, tukawasha, akapima: ile waya ina moto wa 240 kamili, inatoka kwenye sakiti ile ile ya soketi za sebuleni. Na kwenye bodi yetu hakuna kifaa cha kukata umeme ukivuja, kile cha miliampia 30, kwa hiyo hata ukuta ukilowa kisawasawa hakuna kitakachozima. Hapo ndipo nilikuwa napanga kupigilia bulaketi ya televisheni. Watoto wanaegemea ukuta huo huo wakicheza.

Nimempelekea mwenye nyumba picha. Jibu lake: "Nani alikuruhusu kutoboa ukuta wangu? Nitakata kwenye dipoziti." Mzee, kwa heshima zote, ukuta wako ulikuwa na mtego ndani. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inakutaka unipe nyumba inayofaa binadamu kuishi, na mkataba wetu uko kwenye maandishi.

Mafundi mnaosoma hapa msije na ile ya "kila mtu anafanya hivyo". Kazi yenyewe si ngumu. Waya isiyotumika inafunguliwa kule kwenye bodi, inapimwa, inavutwa itoke kwenye bomba. Boksi linafunguliwa skrubu linang'olewa, vumbi linafagiliwa, tofali linaloweshwa maji, kisha mchanga wa plasta na simenti kwa tabaka, si zaidi ya sentimita moja na nusu kwa mara moja, la kwanza likiwa limekwaruzwa ili la pili lishike. Acha milimita mbili tatu za puti. Subiri ikauke kweli, maana simenti mbichi inaharibu rangi, ndipo msasa, praima, rangi. Na kama waya inapita hapo kwenda kulisha soketi nyingine, HUZIBI. Unafunga viungo kwenye konekta, unaacha boksi, unaweka kifuniko kitupu cha plastiki cha pesa ya rolex (chapati ya mayai) mbili tatu. Kinaonekana? Ndiyo, na ni vizuri kionekane, fundi wa kesho ajue pana nini.

Yapo maboksi sita sijayafungua. Sebule nimeizimia breka, tunachajia simu jikoni, na kodi ya mwezi mzima ilishalipwa.

Jumatatu naenda kwa mwenyekiti wa LC1, serikali yetu ya mtaa, na picha zangu na kile kipande cha kavera nilichokihifadhi. Ninachohitaji kwenu ni kimoja: mwenye kumjua fundi umeme mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya kudhibiti umeme), anayeweza kuja maeneo ya Kireka kupima na kuniandikia ripoti yenye sahihi, anitumie namba inboksi. Fundi rangi asinitafute.