Shimo limevutwa miezi miwili tu iliyopita mbona choo kinarudisha tena? Naombeni ushauri

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani hatuna amani. Tuna septiki tanki ya vyumba viwili halafu pembeni kuna shimo la kunyonya maji, nyumba tulihamia ikiwa imeshajengwa kwa hiyo sijui lilichimbwa lini. Miezi miwili nyuma choo kilianza kugoma, ukiflashi maji yanapanda kwanza halafu yanashuka taratibuuu na bafuni unasikia bomba linaguguma. Tukaita gari la majitaka likavuta, tukapumua. Sasa imerudi vilevile, juzi mke wangu anafua mara maji machafu yakatokea kwenye tundu la bafuni, harufu yake acha tu, na tuna mtoto anayetambaa. Nimefunua mfuniko nikakuta maji yamejaa. Kuna anayeniambia nimwage hamira, kuna anayesema wa gari hawakuvuta lote. Nianzie wapi?

chemba_safi: Pole sana mkuu. Tanki kujaa maji sio ugonjwa, septiki inatakiwa ijae muda wote mpaka usawa wa bomba la kutokea, hata ikivutwa leo baada ya siku chache inajaa tena. Wewe angalia maji yamesimama wapi. Kama yako usawa wa bomba la kutokea basi kilichoziba kiko huku nyuma, kati ya choo na tanki. Kama yamelifunika hilo bomba ujue hayaendi kwenye shimo la kunyonya, na hapo hata ukivuta kila mwezi utarudi palepale.

mama wawili: Hamira achana nayo kaka, bakteria wanaingia wenyewe kila siku na kinyesi. Na hakuna dawa inayoyeyusha waipsi, pampasi, pedi wala mchanga, hivyo vinatoka kwa kuvutwa tu. Mafuta ya kukaangia nayo msimwage kwenye sinki, yakipoa yanaganda humo. Sisi tulikoma na waipsi, pakiti imeandikwa unaweza kuflashi, fundi akaja kutoa furushi zima kwenye kona ya bomba.

fundi wa mtaro: Nakazia hapo kwa chemba_safi. Ila ndugu yangu nakuomba sana, USIINGIE humo wala usiingize kichwa uchungulie, hata likiwa limevutwa. Mle kuna hidrojeni salfaidi, unaanza kusikia harufu ya mayai viza halafu pua inazoea husikii tena, mtu anaanguka, na anayeshuka kumuokoa naye anabaki hukohuko. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu, kuna methani. Na mfuniko usiuache wazi hata dakika moja na huyo mtoto.

Sasa simama pembeni umulike na tochi kwenye bomba la kutokea. Inatakiwa kuwe na T ya plastiki, yaani kipande cha bomba chenye umbo la herufi T, mguu wake umezama chini. Kazi yake ni kuchukua yale maji ya katikati, maana tope linakaa chini na mafuta yanaelea juu. Ikivunjika vyote vinapita kwenda shimo la kunyonya.

mleta uzi: Wakuu nimerudi. Maji yamelifunika kabisa bomba la kutokea, na hiyo T haipo! Limebaki bomba tupu. Halafu nimegundua mfereji wa maji ya mvua wa paa la nyuma umeunganishwa kwenye shimo la kunyonya. Inawezekana hilo ndo chanzo?

fundi wa mtaro: Vyote viwili. Tope na mafuta vimepita miaka yote hiyo vikapaka kuta za shimo la kunyonya, udongo ukaziba, halafu maji ya mvua yakaja kujaza kidogo kilichobaki. Toa mfereji wa paa leo. Gari lije livute tanki na shimo la kunyonya, yote mawili, T ifungwe mpya kabla hamjaanza kutumia. Wakati linavuta tanki tega macho kwenye bomba la kutokea, maji yakirudi kinyumenyume kutoka shimoni ujue lilikuwa limefurika. Likigoma tena baada ya hapo basi chimbeni lingine, ila kama kuna kisima kaeni mbali nacho, mita 30 ndo kipimo kinachotajwa sana.

chemba_safi: Na nguo msirundike zote siku moja, gawanyeni, maji mengi kwa mpigo yanavuruga tope. Pia gari lisipite juu ya shimo na miti mikubwa isiwe karibu, mizizi inafuata maji.

mleta uzi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa nitajuaje muda wa kuvuta tena bila kusubiri kirudishe?

mama wawili: Wengi ni kila miaka 3 mpaka 5, ila inategemea mko wangapi na tanki lina ukubwa gani. Sisi fundi anazungushia kitambaa cheupe kwenye mti mrefu anaushusha mpaka chini, ukitoka unaona tope limeishia wapi. Likifika theluthi ya kina tunaita gari. Na siku wanavuta andika tarehe nyuma ya mlango wa stoo, mimi yangu ipo hapo.