Kikapu cha elfu thelathini na tano

Mama Tausi: Shikamooni wakubwa. Kuna dada hapa kazini anauza mboga za kilimo hai, zile zisizopigwa dawa za viwandani, kutoka Morogoro. Kikapu kila Jumamosi, 35,000: mchicha, nyanya, hoho, karoti, ndizi na parachichi. Nichukue au napigwa?

Mjomba Hamisi: Marahaba. 35,000? Huo mchicha umesoma mpaka darasa la ngapi?

Shangazi Rehema: 😂😂

Shangazi Rehema: Jamani kabla sijasahau, nani ana sufuria langu kubwa la arobaini?

Saidi: Mjomba cheka tu. Mimi nimelima nyanya Ilula misimu miwili. Mvua zikikolea ukungu hauna adabu, unapiga dawa kila baada ya siku nne, tano. Kwenye pakiti wameandika usubiri siku kadhaa ndipo uvune. Sasa fuso imefika leo, bei nzuri, na wewe umepiga jana jioni. Utasubiri? Ule unga mweupe mnaouona pale kwenye kikonyo si vumbi la barabarani.

Mama Tausi: Mungu wangu. Mi huwa nafuta na kanga naendelea 🙈

Shangazi Rehema: Si unaosha na maji ya chumvi yanaisha?

Saidi: Ule wa juu unatoka shangazi, sugua vizuri chini ya bomba. Ila kuna dawa mmea unazinyonya, ziko ndani ya tunda. Hizo hata ukiosha na sabuni ya kufulia.

Mjomba Hamisi: Mchicha wa bondeni tumekula miaka yote na tupo.

Saidi: Wa Msimbazi? Pale shida hata si dawa mjomba, ni maji. Unajua mto unapita wapi kabla ya kufika kwenye tuta.

Mama Tausi: Na vitamini je? Yule dada anasema ni mara mbili.

Saidi: Karoti ni karoti. Unalipia kile ambacho hakikuwekwa. Na wao pia wanapiga vitu, mwarobaini na kadhalika, ila si za viwandani kama zetu. Muulize kama ana alama ya Kilimohai, ni moja kwa Afrika Mashariki nzima tangu 2007. Wakulima wadogo wengi wanaipata kwa kikundi, wanakaguana shamba kwa shamba. Akuonyeshe cheti. Akianza "dada niamini", kimbia.

Shangazi Rehema: Kama yule kuku wangu wa Idi! Nimeuziwa "kienyeji", dakika ishirini jikoni nyama imeachana na mfupa. Chotara yule!

Mjomba Hamisi: Na mchuzi ulisifia 😂

Tausi: Bibi kaniambia niandike: pale nyuma mmeegesha gari bovu mwaka wa tatu, liondoeni mpande mchicha kwenye viroba. Samadi atatoa yeye.

Mjomba Hamisi: Gari lina fundi wake, mwambie mama.

Saidi: Mama Tausi, ndizi na parachichi nunua sokoni tu, ganda unatupa. Chukua kwake majani, nyanya na hoho.

Mama Tausi: Nimemuuliza. Hizo tatu 18,000. Cheti anasema anakitafuta.

Mjomba Hamisi: ANAKITAFUTA 😂😂

Mama Tausi: Nimempa mpaka Ijumaa.

Mjomba Hamisi: Kikionekana nichukulie na mimi nyanya kilo mbili.

Shangazi Rehema: Sufuria jamani.