Kuboresha vifaa vya walimu wilaya nzima: mngeanzia wapi?

MratibuTEHAMA
Wakuu, salaam. Nimo kwenye kamati ya TEHAMA ya shule za wilaya yetu. Bajeti ya vifaa vya darasani imepita na mvutano umeanza. Wapo wanaotaka skrini kubwa za kugusa kila darasa. Wengine wanasema mwalimu apewe kwanza kompyuta mpakato mpya, kwa kuwa zilizopo zinatumia Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Projekta nyingi zimefifia, na Wi-Fi inakatakata darasa likijaa. Hela haitoshi vyote. Wauzaji nao wanatuhimiza tuagize kila kitu kwa mkupuo. Mliopitia jambo hili, tuanzie wapi? Uamuzi huu walimu wataishi nao miaka mingi, ndiyo maana naomba ushauri wa dhati.

FundiMitambo
Mkuu, anza na umeme na mtandao, hata kama havipendezi kwenye picha za uzinduzi. Wi-Fi inayokatika darasa likijaa mara nyingi si tatizo la intaneti inayoingia shuleni. Unakuta kisambazaji kimoja cha Wi-Fi kimefungwa koridoni kinahudumia vyumba vinne. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri, lakini yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo vifaa vikiwa vingi vinasubiriana. Ya 5 GHz yana nafasi kubwa zaidi ila ukuta unayadhoofisha haraka, hivyo visambazaji viwe karibu na madarasa. Vuteni waya wa mtandao wa aina ya Cat6 hadi kila chumba, maana huo mtautumia hata baada ya kubadilisha vifaa vyote vingine.

Projekta msizitupe kabla ya kukagua. Taa ya kawaida huchoka baada ya saa 2,000 hadi 5,000 hivi, na saa zilizotumika zinaonekana kwenye menyu. Safisheni na chujio la vumbi. Zitakazoshindikana, badilisheni kwa za leza, ambazo nyingi hukadiriwa kufika saa 20,000.

MwlSayansi
Naongea kama mwalimu wa darasani: mpakato kwanza. Somo haliandaliwi mbele ya skrini, linaandaliwa jioni, mwalimu akiwa na kifaa chake, anapanga maswali na kujaza alama. Skrini nzuri kwa mwalimu asiye na kompyuta ya kuaminika itaonyesha video tu.

Kitu ambacho sijaona mtu akikitaja, na mimi ningekipigania: kamera ya nyaraka. Ni kamera ndogo kwenye mkono unaopinda, unaichomeka kwa USB, unaweka daftari chini yake na darasa zima linaona. Mwanafunzi anakokotoa, wenzake wanafuata hatua zake moja baada ya nyingine, na pale alipoteleza wanapajadili pamoja. Unapasua ua, hata aliyekaa nyuma kabisa anaona stameni. Haihitaji intaneti wala mafunzo marefu, na bei yake haikaribii ya skrini ya kugusa. Kwa majaribio yasiyowezekana maabara kuna PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado. Ni ya bure, na mengi unaweza kuyapakua ukayatumia bila mtandao.

MratibuTEHAMA
Asanteni sana. Hiyo kamera haikuwa hata kwenye orodha yetu. Sasa, hizi kompyuta za zamani tuzitupe zote?

FundiMitambo
Hapana. Chambueni kwanza. Zenye TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft zinapanda Windows 11. Zilizobaki, jaribuni mifumo mingine badala ya Windows, yaani Linux au ChromeOS Flex ya Google, zitafaa kuandika na kuvinjari. Zenye diski ya zamani inayozunguka, wekeni SSD, yaani diski isiyozunguka yenye kasi zaidi, na mtaona tofauti siku hiyo hiyo.

AfisaManunuzi
Kuhusu mkupuo: mkinunua vyote mwaka mmoja, vitachakaa vyote mwaka mmoja, na wakati huo huenda bajeti hakuna. Badilisheni moja ya tano ya vifaa kila mwaka. Kwenye zabuni ulizeni vipuri vinapatikana kwa muda gani, nani anatengeneza, na kama programu ya skrini ina leseni ya kulipia kila mwaka. Ulizeni pia masasisho yataisha lini. Mfano Chromebook, yaani mipakato yenye mfumo wa Google: Google hutoa masasisho ya miaka 10, lakini inahesabiwa tangu toleo la kifaa lilipotoka, si siku mliyonunua. Modeli ya zamani inayouzwa kwa punguzo inaweza kuwa imeshakula nusu ya umri wake.

MwlMkuuMstaafu
Wanangu, mafunzo mmeyapitia juu juu. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta za mradi wa One Laptop per Child (mpakato mmoja kwa kila mtoto), na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) iliyotoka 2012 haikukuta ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Vifaa peke yake havitoshi, kwa hiyo tengeni fungu la mafunzo kabla ya kusaini mkataba wowote. Na si semina ya siku moja ukumbini. Mwalimu ajifunzie kwenye somo lake mwenyewe, arudi darasani, kisha mkutane tena.

MwlSayansi
Shikamoo mwalimu. Naunga mkono, ila naomba tusimbebeshe mwalimu mmoja kila shule kazi ya ufundi bila kumpunguzia vipindi. Ataitwa katikati ya somo kila kebo ikilegea, na wanafunzi wake ndio watakaoumia.

MwlMkuuMstaafu
Marahaba. Ni kweli kabisa. Vipindi apunguziwe kwa barua, si kwa maneno.

MratibuTEHAMA
Nimeelewa. Kikao kijacho napeleka pendekezo hili: waya na visambazaji, mipakato kwa awamu, kamera za nyaraka, fungu la mafunzo na fundi wa kuzunguka shule. Skrini za kugusa tutazijaribu shule chache, walimu wa huko ndio waseme kama zinafaa. Mwenye mfano wa masharti ya zabuni yenye kipengele cha vipuri, tafadhali aniandikie.