Trela ya filamu yangu ya kutisha imewachekesha watu kibandani. Nimekosea wapi?

Mwana_Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba msinionee huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha na ndugu zangu.

Mimi na wenzangu wanne hapa Kigoma tumetengeneza filamu ya kutisha, dakika 48, inaitwa Taa ya Saba. Tumepiga kwa simu na kamera moja ya kuazima kwa mtu wa harusi. Tulianza mwanzoni mwa Mei 2024. Hata hatujakolea, ziwa likafungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, marufuku kuvua. Na sisi filamu yetu ni ya wavuvi wa dagaa usiku! Bila taa ziwani hatuna kitu. Tukakaa miezi mitatu tunatazamana, lilipofunguliwa tukarudi kazini.

Hadithi kwa kifupi: mitumbwi sita inatoka Kibirizi usiku wa giza, mwezi haupo. Kuna mzee ufukweni ana kawaida ya kuhesabu taa. Usiku ule anahesabu saba. Mengine mtayaona kwenye filamu.

Trela nimeiediti mwenyewe, dakika 2 na sekunde 40. Jumamosi iliyopita mwenye kibanda kimoja cha kuonyesha mechi na filamu pale Mwanga akaniruhusu niiweke wakati wa mapumziko ya mechi. Watu kama sitini hivi. Wakuu, walicheka. Si kile kicheko cha mtu anayeogopa anajikaza, hapana, walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Jini alipotokea kijana akapiga kelele, "Huyo si wa bodaboda pale stesheni?" Na kweli ndiye. Hapo nikajua kazi imeisha.

Ilivyo: inaanza na radi, kisha sauti nzito inasema "Katika mji uliosahauliwa na ulimwengu" (najua, najua, nilishikwa na ushairi). Sekunde ya 18 jini anatokea uso mzima. Mayowe. Ngoma. Binti anakimbia porini. Jini tena. Mayowe tena. Muziki nimeuchomoa kwenye filamu moja ya Marekani. Dakika ya 1:52 yule mzee anahesabu taa. Jini kwa mara ya tatu, jina la filamu, mwisho.

Kosa ni jini, ni sauti, ni urefu, au watu wa Kigoma hawatishiki?

Chumvi_ya_Uvinza

Unatutishaje na bodaboda, mkuu? Huyo tunapanda naye kila siku, na chenji hajawahi kuwa nayo.

Kibanda_Mwandiga

Mimi nina kibanda mwaka wa tisa, kwa hiyo nizungumze kama mfanyabiashara. Watakuja hapa wasomi wakwambie mfiche jini. Usiwasikilize sana. Mteja wa mia tano anataka ajue anachokuja kukiona. Zile filamu za majini za Bongo za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa kava: jini mkubwa, macho mekundu, watu wananunua. Hakuna aliyenunua kava yenye picha ya mlango.

Ila wewe umemwonyesha mara tatu. Mara ya kwanza mtu anashtuka, mara ya pili anamtazama, mara ya tatu anakagua unga mliompaka. Na kwa maelezo yako ametokea kwenye mwanga, amesimama, anaisubiri kamera kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mpe nusu sekunde, akiwa mgongo, basi.

Reli_ya_Kati

Niko stesheni Tabora nasubiri treni, kwa hiyo muda ninao.

Urefu peke yake si kosa. Trela ya Psycho, filamu ya kutisha ya mwaka 1960, ina zaidi ya dakika sita! Mwongozaji mwenyewe, Hitchcock, anatembea kwenye seti, anaonyesha nyumba, ngazi, bafu, kama dalali anayekutembeza kwenye chumba cha kupanga. Kila akifika mahali anaanza kusema kilichotokea pale, halafu anakatisha. Hakuna tukio la filamu linaloonyeshwa. Mwisho anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga yowe, na yule mwanamke wala si yule anayeoga kwenye filamu, ni mwigizaji mwingine. Umekaa dakika sita na hujapewa kitu.

Halafu kinyume chake, The Shining ya 1980. Trela ya kwanza ya mwongozaji wake, Kubrick, ni shoti moja. Milango ya lifti imefungwa, kamera haisogei, majina yanapanda taratibu. Unajiuliza kwa nini unaonyeshwa lifti. Kisha damu inaanza kutoka pembeni ya mlango, inajaa ukumbi mzima mpaka inaifikia kamera. Hakuna mtu, hakuna yowe. Ndugu yangu wa Mwandiga, hiyo ndiyo picha yako ya mlango, na watu walikwenda.

Ukiziangalia zote mbili, unaachwa na swali mkononi. Wewe sekunde ya 18 umeshajibu: ni jini, na anaonekana hivi. Dakika mbili na ushee zilizobaki mtazamaji anafanya nini?

Kuna na Paranormal Activity, filamu iliyotengenezwa kwa kama dola 15,000 tu. Mwaka 2009 trela yake iliwaonyesha watazamaji wenyewe wakiruka kwenye viti gizani. Wewe ungewarekodi wa Mwanga ungepata trela ya vichekesho.

Kibanda_Mwandiga

@Reli_ya_Kati hao Wamarekani walikuwa na jina la Hitchcock. Sisi tuna jina la nani? Mwana_Kibirizi? Samahani mkuu, sina nia mbaya.

Mgebuka_Mkavu

Trela yako nimeifungua kwa simu sokoni saa saba mchana. Kwenye zile sehemu za usiku nimeona uso wangu mwenyewe kwenye kioo cha simu. Nao unatisha kiasi, lakini nadhani sio ulichokusudia.

Fundi_Sauti_Katubuka

Huyu wa juu ametania ila amesema kweli. Trela yako haitaonekana ukumbini, itaonekana juani, kwenye kioo chenye nyufa. Tena YouTube ikibana video, sehemu za giza zinageuka vibonge-vibonge. Usipige usiku wa manane. Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni, na linazama upande wa Kongo, juu ya maji. Subiri lizame, kisha una kama dakika ishirini ambazo anga bado ina ubuluu na maji yanang'aa, lakini mtu ufukweni ni kivuli tu. Piga hapo, punguza mwanga kidogo kwenye kuediti. Mtazamaji atasema ni usiku, na bado ataona mtumbwi.

Sasa sauti, ambayo ndiyo kazi yangu. Nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza kwa simu, ya pili kwa spika zangu. Ule mvumo mzito ulioweka chini ya sauti ya msimulizi ni mzuri kwenye spika. Kwenye simu haupo kabisa! Spika ya simu ni ndogo kama kifungo, besi ya namna hiyo haiwezi kuitoa. Kwa hiyo mtu wa simu anasikia mayowe matupu, na mayowe bila kitu chini yake yanasikika kama watoto wanacheza. Tumia sauti za katikati zinazopita popote: kasia likigonga ubao, kamba ikilia, mtu akipumua karibu na kinasa. Hizo hata simu ya elfu hamsini inazitoa.

La pili, umejaza kelele mwanzo hadi mwisho. Ukiambiwa mshtuko ni sauti kubwa usikubali, mshtuko ni ile tofauti kati ya kimya na kelele. Sikio linazoea kelele ndani ya sekunde chache, baada ya hapo yowe la kumi ni sawa na la kwanza. Tena YouTube inapima ukubwa wa sauti ya video nzima, ikikuta ni kelele tupu inaishusha yote. Umepiga kelele wee, wao wamekupunguza kwa rimoti. Sasa ukiacha sekunde nne za kimya, maji tu yanapiga ufukwe, mtu anainua simu sikioni kusikiliza kama imekwama. Akishaiinua, umempata. Hapo hata kijiko kikianguka ataruka.

Na usifanye kila ukimya uishie na kishindo. Watu wameshajua huo mchezo. Mara moja acha ukimya upite bure.

La mwisho, huo muziki utoe. Mifumo ya YouTube inautambua, mwenye nao ataidai video yako au itazuiwa. Kigoma kuna vijana wanaopiga ngoma. Au usiweke muziki kabisa.

Bi_Mkubwa_Ujiji

Mwakeye wanangu. Mimi mambo ya kuediti siyajui, mjukuu ndiye amenifungulia.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Ujiji, enzi za karabai. Usiku mama alikuwa anatoka uani anahesabu taa ziwani. Hakuwa anasema kitu. Akimaliza kuhesabu anaingia ndani analala, na sisi tunalala. Siku akirudia kuhesabu, hapo ndipo tulipokuwa tunajifunika shuka kichwani, maana tulijua moja haipo.

Sasa wewe mwanangu umekuja na taa iliyozidi. Niliposoma hapo juu, kabla sijatazama hiyo video, mwili ulinisisimka. Iliyopungua naijua, ni msiba, watu wanakwenda kutafuta. Iliyozidi ni ya nani? Nikamwambia mjukuu hebu fungua. Nikaona radi, nikaona kijana kapakwa unga. Yule mzee alipofika kwenye kuhesabu, ngoma zinapigwa, hata namba sikuisikia. Nimebaki nauliza mjukuu, amesema ngapi?

Unayo nyama unatuonjesha maji ya kunawa. Na watoto usiwaonyeshe.

Reli_ya_Kati

Bi Mkubwa, shikamoo. Treni imefika lakini ngoja niandike hili: umemaliza mjadala.

Mwana_Kibirizi

Shikamoo mama. Nimesoma nikanyamaza. Ule mstari niliuweka dakika ya 1:52 kwa sababu niliuona wa kawaida, kila mtu Kibirizi anahesabu taa. Nikadhani cha kutisha lazima kitoke mbali: radi, pori, msimulizi mwenye koo la Kimarekani. Pori lenyewe tulilipiga nyuma ya shule, halimo hata kwenye hadithi.

@Fundi_Sauti_Katubuka nikuulize, mzee akihesabu tumwonyeshe yeye au tuonyeshe taa?

Fundi_Sauti_Katubuka

Taa. Sauti yake iwe karibu kabisa, kama anamnong'oneza mtazamaji. Watu wataanza kuhesabu naye bila kuambiwa. Na asiharakishe. Akifika sita apumzike.

Kibanda_Mwandiga

Na jini?

Fundi_Sauti_Katubuka

Jini akaendeshe bodaboda.

Afisa_Mstaafu

Dokezo tu, vijana. Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani inapita Bodi ya Filamu, inakaguliwa na kupewa daraja la umri. Sheria ipo tangu 1976. Anzeni mapema, msije mkafunga turubai halafu mkaambiwa teremsheni. Na alichosema Bi Mkubwa kuhusu watoto mkizingatie. Mapumziko ya mechi watoto wanakuwa wamejaa pale mbele.

Mwana_Kibirizi (wiki tatu baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Tumerudi kupiga jioni nne mfululizo, dakika ishirini ishirini kama fundi alivyosema. Trela mpya ni sekunde 58. Maji yanapiga ufukwe. Taa zinawaka moja moja mbali. Sauti ya mzee inahesabu. Moja, mbili, inaendelea mpaka sita. Kimya. Kasia linagonga ubao mara moja, karibu, sio kule ziwani. Mzee anasema, "Nimehesabu vibaya." Anaanza upya, safari hii sauti inatetemeka kidogo. Akifika sita picha inazima kabla hajataja nyingine. Jina la filamu, maandishi madogo, hakuna muziki.

Jini hayumo kabisa. Nilibishana na wenzangu usiku mzima kuhusu hilo. Mwigizaji mwenyewe amenuna, anasema alikaa saa mbili anapakwa unga.

Nimeipeleka kibanda kilekile Mwanga, safari hii usiku baada ya mechi kuisha, watoto wameshaondoka. Ilipoanza watu walikuwa bado wanabishana penalti. Kwenye "tatu" penalti ikaachwa. Kwenye ukimya nikasikia feni. Ilipozima hakuna aliyesema kitu, halafu jamaa mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Rudisha nyuma bwana, nihesabu!" Mwenye kibanda akairudisha. Wakahesabu kwa sauti, watu wazima wote, kidole hewani, wengine wanasema zilikuwa sita, wengine wanasema kulikuwa na moja kushoto, ndogo. Waliirudia mara nne.

Kasoro bado zipo. Wawili walisema wamedhani ni tangazo la taa za sola. Hilo sijui nilitatue vipi, labda maandishi ya mwisho niyakuze.

Maombi ya Bodi tumeshaanza.

Chumvi_ya_Uvinza

Nimeitazama sasa hivi, nimezima data, nimewasha taa ya chumbani. Mkuu, hiyo ya saba ni ya nani?

Mwana_Kibirizi

Njoo na mia tano.